Je, chuma kitanilemaza nikizeeka? Jibu kwa msomaji wa Makorora

Swali: "Nina miaka 34 na kilo 82. Nanyanyua vyuma mwaka wa tisa sasa kwenye jimu ya uani hapa Makorora, Tanga. Nachuchumaa na kilo 140, nainua 170 kutoka chini. Bega la kulia linauma nikilala benchi, na asubuhi kiuno kinakaza. Mama anasema moyo utapasuka, na nikiokoka hapo nitatambaa uzeeni. Mwenzangu ananishawishi nichome sindano za kukuza misuli. Nikikaa siku tatu bila chuma najiona mgonjwa. Hivi najijenga au najimaliza?"

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili kwa pamoja, moja la mwili na moja la nia. Wengi hujibu la mwili wakaliacha la nia, nami naona hayatengani. Mwili huumizwa zaidi na kasi uliyozifikia nayo hizo kilo 170 kuliko kilo zenyewe, na kasi hiyo huamuliwa na kile kinachokupeleka uani kila jioni. Mtu anayetaka mwakani awe na nguvu kuliko mwaka huu huongeza kilo 2 akasubiri. Anayetaka watu wanyamaze Jumamosi hii huongeza 20 papo hapo.

Sababu ya kusubiri ni hii. Msuli una damu tele, hivyo ndani ya wiki 6 hadi 8 umeshaongezeka nguvu na macho yanaona. Kano, yaani ule mkanda mweupe unaoufunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo na huchukua miezi kukomaa. Gegedu la kwenye kiungo halina mishipa ya damu kabisa. Hulishwa na majimaji ya kiungo kila unapolikandamiza na kuliachia. Kwa hiyo kuna kipindi, ukipanda kwa kasi, ambapo msuli unaweza kuvuta mzigo ambao kano bado haijauweza. Hapo ndipo bega huanza kulalamika na kiwiko kuwaka. Kwa mtu wa mwaka wa tisa kama wewe, kilo 2 na nusu kwa mwezi kwenye kuchuchumaa ni maendeleo makubwa.

Sasa moyo. Mama hajasema upuuzi. Unapoingia chini ya chuma unajaza hewa, unafunga koo, unakaza tumbo. Hewa hiyo iliyofungiwa ndiyo inayousimamisha uti wa mgongo. Bila hiyo kilo 140 zingekukunja. Lakini kwa sekunde hizo presha hupanda ajabu. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliweka kipimo ndani ya mshipa wa damu wa wanyanyuaji watano waliokuwa wakisukuma mzigo mzito kwa miguu yote miwili. Wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja alivuka 480 kwa 350. Mtu mzima akiwa amekaa anatakiwa awe karibu na 120 kwa 80. Mishipa yenye afya huhimili, maana kilele hicho ni cha sekunde chache na hewa iliyobanwa kifuani huikandamiza mishipa mikubwa kutoka nje, ikaisaidia. Mishipa iliyochoshwa na presha isiyotibiwa, au aota, ule mshipa mkuu wa damu, iliyokwisha kutanuka pale inapotoka moyoni, haina akiba hiyo. Tabaka lake la ndani linaweza kuchanika.

Basi kabla ya lolote, pima presha. Kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, hujanywa kahawa wala hujatoka kwenye mazoezi, na urudie siku tatu tofauti. Ikiwa chini ya 140 kwa 90, endelea. Ikiwa kati ya hapo na 160 kwa 100, endelea lakini usijaribu uzito wako wa juu kabisa. Kila seti, yaani kila zamu ya kunyanyua mfululizo bila kupumzika, iache ukiwa bado ungeweza kupiga mara tatu zaidi. Ikifika 160 kwa 100, weka chuma kizito pembeni mpaka daktari aishushe. Ikifika 180 kwa 110, usinyanyue chochote, nenda hospitali. Na kama katika ukoo wenu kuna aliyeanguka ghafla akafa kabla ya miaka 50, au wewe ni mrefu sana mwenye vidole virefu vyembamba, omba kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti hata kama presha ni nzuri. Maumivu ya ghafla ya kuchana kifuani au kati ya mabega, au kichwa kupiga kama radi katikati ya seti, si ya kulala nayo.

Wengi hudhani mara moja nzito ndiyo hatari kuliko mara kumi za wastani. Presha hupanda kwa kila rudio, kwa hiyo mara kumi mpaka kushindwa, koo limefungwa muda wote, huweza kuipandisha kuliko mara tatu nzito. Vuta hewa upya juu, kwa kila rudio. Ukipanda, ukishapita pale pagumu, iache hewa itoke kwa sauti. Pumzika dakika 3 kati ya seti.

Ukuta wa moyo wa mnyanyuaji huwa mnene kidogo, kama msuli wowote unaofanya kazi dhidi ya shinikizo. Kwa asiyetumia dawa huwa ni kidogo, na hauna madhara. Unachokosa ni upande wa pili wa moyo, ule wa kupitisha damu nyingi kwa muda mrefu, na chuma peke yake hakiutoi. Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Unaishi Tanga, mji wa baiskeli. Nusu saa kwenda Raskazone na kurudi, siku tano, umeshamaliza 150.

Je, utatambaa? Mwaka 1995 watafiti wa Finland walipiga picha magoti ya wanamichezo wa zamani 117, wenye miaka 45 hadi 68. Kusagika kwa goti kulionekana kwa asilimia 3 ya walenga shabaha, 14 ya wakimbiaji, 29 ya wachezaji wa mpira na 31 ya wanyanyua vyuma. Ukiishia hapo utaacha chuma leo. Lakini walipotafuta sababu, kwa wachezaji mpira ilikuwa majeraha ya goti, na kwa wanyanyuaji ilikuwa uzito wa mwili wao wenyewe. Kilo za tumboni unazibeba kila hatua, saa zote za mchana; zile 140 unazibeba dakika chache. Kwa hiyo yule anayekwambia ule mpaka ufike kilo 105 ili chuma kipande, anakuuzia goti. Mifupa yako, kwa upande mwingine, huenda ni minene kuliko ya rika lako, na hiyo ni akiba utakayoishukuru ukiteleza bafuni ukiwa na miaka 70.

Kiuno kinachokaza asubuhi nakitazama kwa makini zaidi. Usiku ukiwa umelala, diski za kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni. Diski iliyovimba ikikunjwa hubanwa zaidi, na sehemu kubwa ya uvimbe huo huisha katika saa ya kwanza ya kusimama na kutembea. Wanaotoka sala ya alfajiri wakapitiliza kwenye chuma wanachagua saa mbaya kuliko zote za kuinama. Wasubiri saa moja na nusu. Na hata wewe wa jioni, saa ile ya kwanza usiiname kuchota maji kwa mgongo uliopinda.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ainame kwenye nyonga. Chukua mpini wa ufagio, uweke wima mgongoni ukigusa sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu ya mfereji wa makalio. Inama kana kwamba unafunga mlango kwa makalio. Mpini ukiacha hata sehemu moja kati ya hizo, mgongo umepinda. Fanya hivyo mara 10 kila siku bila mzigo. Kisha shusha ile 170 hadi 120, seti 3 za mara 5, ukianzia juu ya mbao zinazokiinua chuma hadi chini kidogo ya goti. Usitumie tofali zenye matundu, hupasuka. Baada ya wiki 4, kama asubuhi ni nyepesi, ondoa mbao na uongeze kilo 5 kwa wiki.

Kama mkazo unaachia ndani ya nusu saa na hakuna maumivu yanayoshuka mguuni, mara nyingi hilo litatosha. Ukizidi nusu saa, ukakuamsha usiku wa manane, ukapungua unapotembea na kurudi unapolala, mwambie daktari hivyo hivyo: kwa mtu wa miaka 34 kuna aina ya baridi yabisi ya uti wa mgongo inayoanza namna hiyo, na haihusiani na chuma. Na ganzi ya sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, au unyayo kushindwa kunyanyuka, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Bega: bonyeza juu, pale mtulinga unapoishia. Kama ndipo panapouma, ncha ya mfupa huo imechoshwa na benchi, na kwa wanyanyuaji wengine huanza kulika. Hupona ukiupumzisha, ila kwa miezi. Acha benchi kwa wiki 6, lala sakafuni na usukume kutoka hapo, maana sakafu itauzuia mkono kushuka kupita usawa wa mwili. Viwiko viwe nusu ya njia kati ya mbavu na kutanuka kabisa. Anza na asilimia 60 ya uzito uliokuwa ukisukuma kwenye benchi, shusha kwa kuhesabu tatu. Kwa kila seti ya kusukuma, piga mbili za kuvuta kuelekea tumboni. Kama unashindwa kulilalia bega usiku, au mkono unakosa nguvu kupanda, huenda kano imechanika. Hapo mazoezi yasubiri kipimo.

Usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili umalizie mazoezi. Maumivu yanakupa habari unayoihitaji, na dawa hizi zikitumika kila wiki kwa miaka hupandisha presha, huchubua tumbo na huumiza figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho la joto la Tanga akiwa hajanywa maji ya kutosha. Watu huogopa mayai kwa ajili ya figo huku vidonge vimejaa mfukoni. Figo zenye afya haziumizwi na protini. Kwa kilo zako, gramu 130 kwa siku zinatosha, na dagaa, samaki, maharage, maziwa na mayai vinazifikisha bila kopo la unga wa kununua. Na baada ya siku ya mazoezi uliyozidisha mno, mkojo ukitoka mweusi kama chai ya mkandaa na misuli imevimba, usiseme ni uchovu: msuli umevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Ni ya hospitali usiku huo huo.

Kuna jambo hukuuliza, nalo kwa pwani yetu lazima lisemwe. Uvimbe kwenye kinena au korodani kwetu huitwa mshipa tu, na kijana huona haya, akafunga mkanda, akaendelea. Ngiri huchomoza ukisimama au ukikohoa, hurudi ukilala. Busha halirudi, na ukiliangaza na tochi gizani mwanga hupenya. Busha kwa huku mara nyingi hutokana na minyoo inayoenezwa na mbu, wala chuma hakilileti. Ngiri nayo hutokea pale ukuta wa tumbo ulipokuwa dhaifu. Mzigo huifichua na kuikuza. Zote mbili zina upasuaji wa kawaida, na baada ya ngiri hesabu wiki 6 kabla ya kugusa kizito. Ngiri ikigoma kurudi, ikawa ngumu na unatapika, utumbo umenaswa. Usingoje kukuche, nenda hospitali ya Bombo.

Sindano. Nitakwambia inavyofanya kazi, kwa sababu "ni mbaya" hakujamzuia mtu. Ukiingiza kutoka nje testosteroni, yaani homoni ya kiume, au nandroloni, dawa ya jamii yake, ubongo huona imejaa na kusitisha amri yake kwa korodani. Korodani husinyaa, mbegu hukoma. Ukiacha, kurudi kwake huchukua miezi 6 hadi miaka 2, na kuna ambao hazirudi kamili. Lehemu nzuri hushuka, damu huwa nzito, ukuta wa moyo hunenepa na kuwa mgumu. Vidonge vya aina hiyo huumiza ini juu ya hayo yote. Bomba la kuchangia huleta homa ya ini, virusi vya UKIMWI na majipu. Na lile la msuli kukimbia mbele ya kano hapa hufika kilele: kano za kifua na za mkono hukatika kwa uzito ambao msuli uliona mwepesi. Wafini waliwafuatilia kwa miaka 12 wanyanyuaji wao 62 wa daraja la juu, waliodhaniwa kutumia dawa hizi. Walikufa asilimia 12.9, wakati katika watu wa kulinganisha walikufa 3.1. Kati ya wanyanyuaji 8 waliokufa, watatu ni moyo, na watatu walijiua. Hiyo ya kujiua ndiyo inayonifanya nisitenganishe mwili na nia. Kama ulishachoma, usiache kimyakimya. Mwambie daktari, maana huzuni ya miezi ya kwanza baada ya kuacha huwa nzito kweli.

Ndipo tufike kwenye siku zako tatu. Kiasi fulani ni afya: mazoezi ya nguvu hupunguza huzuni na huleta usingizi, na ukivikosa utavihisi. Kijana anaweza kuanza kwa sababu alionewa utotoni, kwa sababu kazi ya bandarini inataka mgongo, kwa sababu ya picha za simu, au kwa sababu uani ni mahali pekee ambapo hakuna anayemdai. Sijaona sababu hata moja humo ya kuchekwa. Shaka yangu huanza sababu inapogeuka amri. Mwaka 1993 Harrison Pope na wenzake wa Marekani waliandika kuhusu watunisha misuli wenye miraba minne waliojiona wembamba, wakavaa mashati mapana kuficha mwili, wakakwepa mialiko ya watu. Maradhi hayo yapo, na hutibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, wakati mwingine na dawa.

Jipime hivi. Kila wiki ya sita, punguza uzito wote kwa nusu na seti ziwe mbili tu. Wiki hiyo kano hupata nafasi ya kuufikia msuli, kwa hiyo ni sehemu ya kazi. Iwapo utaikamilisha bila kujiibia hata siku moja, chuma ni chako. Ukijikuta Jumatano unapakia kilo 140 kwa kuwa fulani alikuwepo, au umenuna nyumbani mpaka watoto wanakukwepa, basi zungumza na mtu kabla hujaongeza hata kilo moja. Wengi nguvu huwapanda wiki inayofuata hiyo nyepesi, jambo linalosaidia kuwashawishi wabishi.

Sasa chuma chenyewe, maana najua cha uani kilivyo: bomba la maji na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Zege lina takriban kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la lita 10 linapaswa kuwa kama kilo 24. Lakini moja lina kokoto nyingi, jingine lina mchanga na mapovu, na tofauti ya kilo 2 haishangazi. Kilo 2 hizo zikining'inia mita moja kutoka kwenye uti wako, mwili hujipinda kidogo upande mmoja kuzizuia, kila rudio, mara mia kwa wiki, miaka tisa. Nisingeshangaa kama bega lako la kulia ndilo lililokaa upande mzito. Beba makopo hadi kwenye mizani ya wauza nafaka wa soko la Mgandini, yaandike kwa rangi, yapange kwa jozi zinazolingana. Badala ya bomba tumia nondo ya milimita 32. Mita 2 zake ni kilo 12.6, na haina uwazi wa kupinda. Viungio vya kuchomelea vikague kila mwezi, maana hewa ya bahari hula chuma kuanzia kwenye ufa usiouona. Na makopo yaliyogandishwa kwenye bomba hayawezi kuteleza yakuache huru chuma kikikulalia shingoni. Kwa chuma cha namna hiyo benchi peke yako ni marufuku. Awepo mtu kichwani, mikono tayari.

Na mama. Mpe kazi. Mwaka 1990 huko Boston wazee dhaifu kumi wenye umri wa karibu miaka 90 waliwekewa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8, na nguvu zao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 2017 Waaustralia walichapisha matokeo ya wanawake waliopita miaka 58, wenye mifupa iliyopungua, walionyanyua vizito mara mbili kwa wiki kwa miezi 8 chini ya msimamizi: pingili zao za kiunoni ziliongezeka msongamano wa madini kwa asilimia 2.9, wakati wenzao wa mazoezi mepesi ya nyumbani zilipungua 1.2. Kwake aanze na kiti cha kulia chakula, baada ya kupimwa presha: akae na kusimama bila kushika kitu, mara 8, seti 2, siku mbili kwa wiki. Ikiwa nyepesi, ashikilie kifuani chupa ya maji ya lita moja na nusu, kisha kidumu cha lita 3. Wewe simama mbele yake, usimvute mkono. Mwache ainuke mwenyewe.